Keki ya harusi ya ghorofa tatu: fondanti, gampesti, pastilaji... ninunue ipi?

Chiku_Ngamiani

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wa wenye uzoefu.

Nimepata oda ya keki ya harusi hapa Tanga, mwishoni mwa Aprili. Ghorofa tatu, inchi 10, 8 na 6, zote nyeupe. Bwana harusi ni baharia, kwa hiyo wanataka juu kabisa kuwe na jahazi lenye tanga lililojaa upepo. Kutoka hapo yashuke maua ya asumini mpaka chini, na pembeni ya jahazi wasimame maharusi wadogo, bibi na shela lake, bwana na kanzu na kofia. Ukumbi ni wa wazi, kuna feni tu.

Kufunika keki kwa fondanti naweza. Kinachonichanganya ni haya mengine. Dukani wamenitajia fondanti, gampesti, donge la maua, donge la kufinyangia, chokoleti ya kufinyangia, pastilaji na marzipani. Kila kopo na bei yake, na kila moja muuzaji anasema ndilo lenyewe. Nikibeba yote faida inabaki dukani. Nimejaribu petali za fondanti tupu: zimelala usiku kucha na asubuhi bado laini, zinajikunja zenyewe.

Naomba kujua haya madonge yanatofautiana nini hasa, na kwa kazi hii nikitaka kununua machache ni yapi. Tena familia ya bibi harusi ni Waislamu, na mama yake ameshaniuliza habari ya jelatini. Natanguliza shukrani.

Mke_wa_Dereva

Nafuatilia, na mimi nina keki ya kipaimara mwezi ujao. Ngoja waje wajuzi.

MamaSalha_Magomeni

Chiku mdogo wangu, hongera kwa oda. Usibebe makopo saba. Nunua fondanti, kichupa kimoja cha CMC ya chakula (unga wa gundi unaokaza donge) na sukari ya aisingi ya kutosha, basi. Karibu kila kitu ulichotaja kwenye hiyo keki kinatoka humo. Nakueleza kwa nini, maana ukishaelewa muuzaji hatakuyumbisha tena.

Ukiweka chokoleti na marzipani pembeni, yaliyobaki yote ni sukari ya aisingi iliyokandwa. Tofauti iko kwenye kilichowekwa ndani: kuna cha kulizuia donge lisikauke, na kuna cha kulikausha lishike umbo. Kwa hiyo ukiwa dukani usiulize jina. Uliza likikauka linakuwaje.

Fondanti ina glukosi, gliserini na mafuta kidogo. Gliserini inavuta maji na kuyashikilia, ndiyo maana keki inakaa siku mbili tatu na kisu bado kinapita vizuri. Kazi yake ni kufunika. Petali zako hazikukosea kitu, zimekataa kukauka kwa sababu donge lenyewe limetengenezwa lisikauke. Ukilisukuma jembamba sana linachanika, ukiliacha nene ua linakuwa zito, halina uhai.

Gampesti haina gliserini. Ina ute wa yai na gundi, ama tragakanti ama CMC. Tragakanti ni utomvu wa kichaka kinachoota Iran na nchi za jirani, watu wa keki wanaitumia tangu zamani na bei yake imechangamka. CMC inatengenezwa kiwandani kutokana na nyuzi za mimea na inafanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu. Kwenye lebo tragakanti ni E413, CMC ni E466. Gampesti nzuri unaisukuma mpaka ukiiweka juu ya gazeti unasoma maandishi, na haichaniki. Ikikauka ni kigae, na ukiigonga inavunjika vilevile kama kigae. Inalika, ila hakuna anayeifurahia mdomoni, kwa hiyo usifunikie keki. Hilo "donge la maua" walilokutajia ni hiyo hiyo gampesti, usilipie mara mbili.

Donge la kufinyangia liko katikati. Chukua fondanti yako gramu 250, nyunyizia CMC kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha, kanda mpaka isionekane punje, funga kwa nailoni na uiache mpaka kesho yake. Umeshapata. Ndilo linalouzwa kwenye kopo dogo kwa bei kubwa kuliko fondanti. Linasimama lakini linakupa muda wa kulichezea, halikauki mkononi. Maharusi wako watoke humo. Anza na miguu na uiache ikauke, kesho yake kiwiliwili, kichwa mwisho, na ndani pitisha spageti kavu iwe uti wa mgongo. Ukiunganisha vyote siku moja, kichwa kinazama mabegani. Kanzu isukume nyembamba, ikunje mikunjo miwili mitatu tu chini. Kofia itoboe vishimo kwa ncha ya sindano kabla haijakaza, mstari juu ya mstari. Watu wa Tanga wataiangalia kofia kabla ya sura ya bwana harusi.

Gampesti tengeneza mwenyewe:

Ute wa yai moja, kama gramu 30
Sukari ya aisingi iliyochekechwa, gramu 225
CMC vijiko vya chai 3
Mafuta meupe magumu, Kimbo inatosha, kijiko cha chai 1

Piga ute kidogo, tia sukari kidogo kidogo mpaka iwe nzito, kisha nyunyizia CMC huku unakoroga. Itakaza ghafla, usiogope. Paka mikono mafuta, kanda, funga nailoni mara mbili, weka friji mpaka kesho. Sukari zote usizimwage kwa pamoja, mayai yetu hayalingani ukubwa.

Marzipani ni lozi na sukari. Waingereza waliizoesha chini ya aisingi ya keki ya matunda. Kwenye keki hii haina kazi, na kama kuna mgeni ambaye lozi zinamdhuru umejitafutia matatizo.

Sasa jelatini. Nyingi inayouzwa duniani inatokana na ngozi ya nguruwe, nyingine ng'ombe, nyingine samaki. Fondanti za dukani nyingi zinatumia gundi za mimea badala yake, lakini soma kopo lenyewe, na tafuta neno jelatini au E441. Wanaotengeneza fondanti kwa mashimelo wajue kwamba jelatini imo ndani ya mashimelo. Mama wa bibi harusi usimjibu kwa kukisia. Mpigie picha lebo umtumie kabla hujafungua kopo. Ukitengeneza nyumbani, tafuta jelatini ya ng'ombe au samaki yenye alama ya halali: kijiko kikubwa kimoja (gramu 10 hivi) iloweke kwenye maji mililita 60, yeyusha juu ya mvuke, tia glukosi mililita 125, gliserini kijiko kikubwa kimoja na Kimbo vijiko vikubwa viwili, umimine kwenye sukari ya aisingi kilo moja.

Kiasi: keki ya inchi 6 nusu kilo, inchi 8 gramu 700, inchi 10 kilo moja, kama urefu ni inchi 4. Nunua kilo 2 na nusu na kidogo, mabaki ndiyo maharusi wako. Sukuma unene wa milimita 3 mpaka 4. Siwapendi kabisa wanaofunika kwa unene wa kidole kuficha keki iliyopinda, mgeni analipiwa keki halafu anatafuna sukari.

Na chini ya fondanti, kwa ukumbi wa feni, batakrimu ya Blue Band italegea. Weka ganashi ya chokoleti nyeupe, sehemu tatu za chokoleti kwa moja ya krimu kwa uzito, iache ikaze ndipo ufunike.

Mpishi_Bamburi

Mama Salha shikamoo. Nakuunga mkono kwa mengi, niongeze mawili. Mimi ni mpishi wa keki na mikate hotelini huku Mombasa.

Tanga la jahazi mimi ningelifanya kwa pastilaji. Ni sukari ya aisingi, konifulawa, jelatini na siki kidogo, mafuta hayamo kabisa. Inakauka haraka kuliko zote, inakuwa nyeupe ya kufa, na ikishakauka unaisugua kingo kwa msasa laini mpaka inyooke. Ndiyo waliyotumia Wafaransa kujengea mahekalu ya sukari mezani. Carême, aliyefariki mwaka 1833, jina lake limebaki kwa kazi hizo. Sisi hotelini tunasimamishia vitu virefu kwenye bafe.

Chokoleti ya kufinyangia usiiguse kwa kazi hii. Ni chokoleti na glukosi tu: nyeusi gramu 200 kwa glukosi 100, nyeupe kama 300 kwa 100. Ni tamu, na inafutika alama za vidole ukipitisha kidole chenye joto. Lakini haishiki umbo kwa kukauka, inashika kwa kupoa. Siagi ya kakao inayeyuka karibu nyuzi 34 na inaanza kulegea mapema kabla ya hapo. Ukumbi wa wazi wa pwani, watu mia tatu na taa za video, maharusi watakaa chini kabla ya kukata keki. Sisi tunaifanyia kazi kwenye chumba chenye AC na inaliwa humo humo.

Na kama mteja mwingine atataka marzipani na lozi zimepanda bei, korosho zinafanya kazi vizuri. Wahindi wa hapa Mombasa na wa Dar wanazisaga na kuzipika na shira kwa kaju katli, donge linasukumika na kukatika bila shida. Ni la kula, lisitegemewe kusimamisha kitu.

MamaSalha_Magomeni

Marahaba mwanangu. Ya chokoleti nakubali yote. Kwenye tanga tunatofautiana kidogo. Pastilaji inashika ngozi juu ndani ya dakika chache, na asiyeizoea akianza kuikunja inapasuka mistari mistari. Tanga la huyu lina tumbo la upepo, linataka kukunjwa taratibu. Afanye kwa gampesti. Pia pastilaji yako ina jelatini, arudi tena kwenye swali la mama wa bibi harusi.

Pastilaji ningempa kazi ya kibao cha kukalia jahazi, maana hicho ni bapa na hakikunjwi.

Chiku, tanga likate pembetatu, ulilaze juu ya chupa kubwa ya soda uliyoipaka konifulawa, uliache hapo siku mbili huku ukiligeuza ili upande wa chini upate hewa. Mlingoti na foromali (mti unaobeba tanga) ni vijiti vya mishikaki uliyoipaka rangi ya kahawia. Mwili wa jahazi chonga kwa keki yenyewe au finyanga kwa donge la CMC, uwe mwepesi.

Malighafi_Gerezani

Samahani mimi si mtu wa keki, ila mmetaja CMC na nimeona ni lazima niandike. Nauza malighafi za sabuni ya maji hapa Dar. CMC ndiyo inayoifanya sabuni iwe nzito, tunaiuza kwa kilo, nyeupe au ya krimu kidogo, na ukiiweka pembeni ya ile ya keki kwa macho huwezi kuzitofautisha. Bei yake ni ndogo mno, kwa hiyo watu wa keki wanakuja kuiulizia.

Msiinunue. CMC ya chakula inatakiwa usafi wake usipungue asilimia 99.5. Ya sabuni haisafishwi kiasi hicho, inaachwa na chumvi zilizobaki kiwandani, na katika mifuko yetu hakuna aliyeipima kwa ajili ya mtu kula. Sisi tunaichota kwa koleo lile lile linalochota soda ash. Gliserini hali ni hiyo hiyo, ipo ya sabuni na ya kupaka, na ipo ya chakula. Mteja akiniambia ni ya keki namwelekeza maduka ya vifaa vya keki, simuuzii.

MamaSalha_Magomeni

Kaka Malighafi, Mungu akubariki, hili nililitaka liandikwe na mtu wa upande wenu. Kuna watu wanapima unga mweupe kwenye vinailoni visivyo na jina wala tarehe na kuwauzia mabinti wanaoanza kazi. Mimi wanafunzi wangu nawakataza kabisa. Kichupa cha CMC ya chakula cha gramu 50 au 60 kinakaa muda mrefu, unatumia vijiko tu. Kiwe kimefungwa na kiwanda, kimeandikwa E466 na tarehe ya mwisho. Akikupunguzia bei kwa sababu hakina lebo, rudisha.

Chiku_Ngamiani

Shikamoo Mama Salha, na kaka zangu asanteni sana. Nimeelewa kuliko video zote nilizoangalia. Nimebakiza mawili. Ute mbichi wa yai kwenye gampesti, watoto wakichomoa ua na kula si hatari? Na asumini zenyewe sina kikatio chake, nimetafuta Tanga nzima. Halafu Aprili huku ni masika, maua yatafikaje ukumbini bila kulegea?

MamaSalha_Magomeni

Marahaba. Yai, una haki ya kuuliza. Kama una wasiwasi acha ute, fanya donge la Kimeksiko: sukari ya aisingi gramu 225, tragakanti vijiko vya chai 3, maji baridi mililita 25 mpaka 30. Kanda, funga, liache saa 12. Likiwa gumu asubuhi ulipashe kwa viganja. Kwa CMC badala ya tragakanti linatoka pia. Unga wa ute uliokaushwa nao unafaa, fuata maelezo ya pakiti.

Kikatio cha asumini hukihitaji. Unahitaji mkasi mdogo wenye ncha na kijiti kimoja.

Chukua kipande cha ukubwa wa punje ya choroko mbili. Kiviringishe kiganjani mpaka kiwe mviringo, halafu kivute upande mmoja kiwe na mkia. Upande mnene chomeka ncha ya kijiti ulichopaka konifulawa, uzungushe upate kishimo. Sasa chukua mkasi, kata kingo za kishimo mara sita, usifike katikati. Zifungue kwa kidole, zitakaa kama nyota. Kila ncha ibane kati ya kidole gumba na cha shahada, kwanza kwa ubavu ichongoke, halafu kwa bapa ikukalie nyembamba. Rudisha kijiti katikati, zisukume petali kidogo nje. Mkia usiukate, asumini ina shingo ndefu na ndiyo inayoitambulisha. Baadhi ziache bila kufungua, vichomozi tu, kwa sababu kwenye kikuba asumini hazifunguki zote. Rangi usitie. Donge liwe limefunikwa kwa nailoni muda wote, toa kipande kimoja kimoja.

Waya usichomeke kwenye keki moja kwa moja. Kwa asumini ndogo hivi mimi siweki waya kabisa, nabandika kwa tone la aisingi ya royali, ile ya sukari ya aisingi iliyopigwa na ute wa yai. Ukitaka shada linalosimama, funga waya zake pamoja, zitie ndani ya kipande cha mrija, mrija ndio uingie kwenye keki. Na gundi ya kubandikia vitu vidogo kama mikono ya maharusi unayo tayari: robo kijiko cha chai cha CMC kwenye maji ya vuguvugu vijiko vikubwa viwili, iache usiku kucha.

Masika. Sukari inavuta unyevu wa hewani, na gampesti iliyokauka inarudi laini ikikaa kwenye hewa ya mvua. Anza maua wiki mbili kabla. Yakaushe mbele ya feni, au ndani ya oveni ambayo haijawashwa moto, taa yake tu inawaka. Yakishakauka kabisa yaweke kwenye kasha la karatasi, yatandikiwe tishu, na zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye viatu vipya uziweke kwenye kona, zimefungwa, zisiguse ua. Kabla hayajakauka kabisa usiyafungie kwenye dishi la plastiki, utayakuta yanatoka jasho.

Friji kwa maua, tanga na maharusi, hapana. Keki iliyofunikwa, ukiwa na ganashi ndani, nayo inakaa nje, chumba chenye baridi kuliko vyote. Ikibidi iingie friji, ifunge ndani ya boksi la karatasi, na ukiitoa usifungue boksi mpaka ipoteze baridi yote. Unyevu utatua kwenye boksi badala ya fondanti. Ukiona imetoa matone usiifute wala usiiguse, washa feni uache.

Siku yenyewe beba ghorofa zikiwa hazina kitu. Jahazi kwenye boksi lake, tanga kwenye lingine, maharusi kwenye lingine. Beba aisingi ya royali kwenye mfuko wa kuminia, mkasi, na asumini za akiba kama ishirini, zitavunjika tu. Unafika ukumbini, unasimamisha keki, unabandika maua kuanzia juu, tanga unalifunga mwisho kabisa, dakika chache kabla ya maharusi kuingia. Mwambie mshereheshaji meza ya keki iwe mbali na upande ambao upepo wa bahari unaingilia.